Jina la khanga halisomeki: kupunguza na kubana picha kabla ya kuzituma

"Habari za kazi, fundi. Nauza khanga na vitenge hapa Tanga, dukani na mtandaoni. Simu yangu ni ya megapikseli 50, na picha nikiziangalia simuni ni safi kabisa. Lakini nikimtumia mteja wangu aliyeko Muscat ananijibu: picha ina ukungu, jina lililoandikwa kwenye khanga silisomi. Mpwa wangu amenitengenezea tovuti ndogo yenye picha 40, wateja wanalalamika haifunguki na inawamalizia bando. Mmoja kaniambia nishushe picha ziwe DPI 72, mwingine kaniambia nizibane mpaka KB 50 kila moja. Nimejaribu yote, zimeharibika zaidi. Nifanye nini?"

Njema dada, na pole kwa usumbufu. Swali lako lina mambo mawili yaliyofungwa fundo moja, na hao waliokushauri kila mmoja kavuta uzi wake. Picha inayofika Muscat haisomeki kwa sababu umeiachia WhatsApp kazi ambayo ungeifanya mwenyewe kwa macho yako. Tovuti haifunguki kwa sababu kazi hiyohiyo haikufanywa na mtu yeyote.

Tuanze na kilichomo ndani ya picha. Picha ya kawaida ya simu ina pikseli 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12. Ile 50 iliyoandikwa kwenye boksi isikusumbue: simu nyingi za aina hiyo huunganisha nukta nne kuwa moja, na unachopata mkononi ni megapikseli 12 na kidogo. Ukiwasha ile 50 kamili utajaza simu tu, na ndani ya duka lenye mwanga hafifu haikuongezei cha maana. Sasa, kila nukta inahitaji namba tatu za rangi, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, kila namba baiti moja, na baiti milioni moja ni MB 1. Milioni 12 mara tatu ni MB 36. Lakini ukitazama faili lenyewe utakuta MB 4 hivi. Maana yake simu yako imekwisha kuibana picha mara tisa kabla hata hujaigusa, na wewe uliisifu kuwa safi kabisa.

Kwa hiyo kubana si dhambi. Dhambi ni kubana mahali pasipostahili.

Watu huchanganya kupunguza vipimo na kubana. Kupunguza vipimo ni kupunguza idadi ya nukta: picha ya 4000 kwa 3000 inakuwa 1600 kwa 1200. Hesabu yake huwashangaza wengi, maana upande umepungua mara mbili na nusu, lakini nukta zimeshuka kutoka milioni 12 hadi milioni 1.92, karibu sehemu moja ya sita. Kubana ni kuacha nukta zilezile ila kuzieleza kwa maneno machache zaidi. Aliyekuambia KB 50 alikurusha hatua ya kwanza. Ukichukua nukta milioni 12 ukazishindilia ndani ya KB 50, kila nukta 240 zinagawana baiti moja. Hapo ndipo ulipoona vile vigae vya mraba na rangi iliyochuruzika.

Vigae hivyo havikutoka hewani. JPEG, muundo uliosanifiwa mwaka 1992 na ambao bado unabeba picha nyingi mno mtandaoni, huikata picha vipande vya nukta 8 kwa 8. Kila kipande kinaelezwa kama mchanganyiko wa michoro 64 ya mawimbi, kuanzia rangi moja iliyotulia hadi mistari myembamba iliyosongamana. Kisha inakuja hatua ya ukarani mkali: michoro myembamba ambayo mchango wake kwenye kipande ni mdogo inafutwa, namba zake zinaandikwa sifuri, na sifuri nyingi zikikaa pamoja huandikwa kwa nafasi finyu sana. Ukizidisha ukali, kipande kizima kinabaki na rangi moja tu, ndiyo maana unaona kigae. Hesabu ya mawimbi hayo ilitokana na wazo la Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti Marekani ili aifanyie kazi, akanyimwa. Aliichapisha na wenzake wawili mwaka 1974. Huwa namkumbuka kila ninapoona mtu anatuma picha ya pilau kwenye kundi la familia.

Ukielewa hilo la mawimbi, mambo mengi ya dukani kwako yanajieleza. Ukuta mtupu karibu haugharimu kitu, kwa sababu kila kipande chake ni rangi moja. Rafu iliyojaa robota, feni, kalenda na miguu ya wapita njia inagharimu sana, kwa kuwa kila kipande kina mistari yake. Faili lako linalipia vyote hivyo sawasawa na khanga yenyewe. Na zile chembechembe zinazotokea ukipiga picha jioni chini ya taa moja ya balbu, kwa JPEG nazo ni mistari myembamba ya kuhifadhiwa: zinakula baiti na hakuna anayezitaka. Kwa hiyo kazi ya kubana picha inaanza kabla ya kupiga. Toa khanga mlangoni asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga, itundike mbele ya ukuta au shuka jeupe. Faili litakuwa dogo na picha itakuwa nzuri, vyote pamoja.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo biashara ilipo. Mteja wa Muscat hanunui pindo, yaani ukingo wa khanga, na mji, yaani sehemu yake ya katikati, peke yake. Anataka kujua anavaa neno gani, na nani atalisoma akipita.

Chukua khanga iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Kipande kimoja kina upana wa kama sentimita 150. Tuseme herufi za jina zina kimo cha sentimita 3, na unene wa wino wa kila herufi ni milimita 4. Ukiipiga khanga ijaze fremu ya mlalo, kisha picha ikapunguzwa mpaka upande mrefu uwe pikseli 1600, unapata karibu pikseli 11 kwa kila sentimita. Herufi inakuwa na kimo cha nukta 32, wino wake nukta 4. Inasomeka bila shida. Lakini wewe, kama ninavyowajua wauzaji wengi, unasimama katikati ya duka, simu wima, khanga imetundikwa juu pamoja na wenzake, na inachukua theluthi tu ya upana wa picha. Simu ikiwa wima, ule upande mrefu wa 1600 ni wa kimo. Upana unabaki 1200. Theluthi yake ni 400. Nukta 400 kwa sentimita 150 ni chini ya tatu kwa sentimita. Herufi yako sasa ina kimo cha nukta 8, na wino wake ni nukta moja tu. Hakuna programu duniani itakayolirudisha neno hilo. Ukilitazama kwenye simu yako unalisoma, kwa sababu wewe una faili la nukta 4000 na unaweza kulikuza kwa vidole. Mteja amepewa kivuli chake.

Na bado kuna rangi. Jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga na giza kuliko kwenye rangi, na JPEG inalijua hilo. Inatenganisha uang'avu na rangi, kisha kwa kawaida rangi inahifadhiwa nusu kwa upana na nusu kwa kimo, yaani nukta nne zinagawana rangi moja. Kwenye uso wa mtu au bahari hutaona kitu. Kwenye khanga utaona. Jina lililoandikwa kwa wino mweusi juu ya nyeupe linasalimika, kwa sababu tofauti yake ni ya mwanga. Jina jekundu juu ya kijani iliyokolea linapata msiba: mwanga wao unakaribiana, kinachozitenganisha ni rangi tu, na rangi ndiyo iliyopunjwa. Kingo zinatoka kama wino uliomwagiwa maji. Kama umewahi kujiuliza kwa nini khanga fulani hazitoki vizuri kwenye picha hata ufanyeje, angalia rangi za jina lake.

Kwa hiyo piga picha mbili kwa kila khanga. Ya kwanza kipande kizima, simu ikiwa imelala, khanga imejaza fremu. Usikunjue doti nzima, maana doti ni vipande viwili na utakuwa umegawa nukta zako nusu kwa nusu. Ya pili ni jina peke yake, kwa karibu, pamoja na ukanda wa pindo chini yake ili mteja aone rangi. Hii ya pili hata ikipitia mikono kumi itasomeka.

Baada ya kupiga, mpangilio wa kazi ni huu na usiugeuze: kata kwanza, punguza vipimo pili, noa kidogo, kisha bana mara moja ya mwisho. Kukata ni kuondoa kila kisicho khanga. Kunoa ni kwa sababu picha ikipunguzwa vipimo huwa inalegea kidogo kingo. Programu nyingi zina kitelezi cha kunoa, kisukume mpaka uone herufi zimekaza, kisha kirudishe nyuma kidogo. Ukizidisha, herufi zinazungukwa na mstari mweupe kama utando. Jihadhari pia na vitambaa vyenye nakshi ndogo ndogo za kujirudia, kama kisutu: ukipunguza vipimo kwa programu duni, nakshi hizo huzaa mawimbi ya ajabu ambayo kwenye kitambaa hayapo. Likitokea hilo, badili vipimo kidogo, mfano 1500 badala ya 1600, au tumia programu nyingine.

Huo ubora wa kubana unaoandikwa 80 au 90 watu hudhani ni asilimia. Si asilimia ya chochote. Ni namba ya ukali wa yule karani wa JPEG anayefuta michoro, na 80 ya programu moja si lazima ilingane na 80 ya nyingine. Ninachokuambia kwa uzoefu ni kwamba kutoka 100 kushuka 90 faili linapungua sana na jicho haliambulii tofauti. Kati ya 75 na 85 ndipo ninapofanyia kazi zangu nyingi. Chini ya 60 khanga zinaanza kulia. Picha ya 1600 kwa 1200 kwa ubora wa 80 itakuja mahali fulani kati ya KB 200 na 500, kutegemea nakshi zilivyosongamana. Usilazimishe kitenge chenye maua mengi kilingane uzito na khanga yenye mji mtupu.

Kila kazi ianze na picha asili. Hili nimelilipia. Miaka ya nyuma nilipiga harusi moja, nikapunguza picha zote ziwe na upana wa pikseli 1024 za kupakia mtandaoni, kisha kwa haraka zangu nikahifadhi juu ya zile asili. Miezi miwili baadaye bibi harusi akaja anataka picha moja ya kutundika sebuleni, upana wa sentimita 60. Kwa uchapaji mzuri tunahesabu nukta 300 kwa inchi. Nukta 1024 zinatosha chini ya sentimita 9. Nilirudisha fedha na aibu nikabaki nayo. Tangu hapo nina folda mbili, moja inaitwa ASILI na haiguswi, nyingine inaitwa MTANDAO. Na ukitaka kurekebisha ya mtandaoni, usiifungue hiyo ukaihifadhi tena. Kila ukiihifadhi JPEG yule karani anapita upya na kufuta vingine. Rudi kwenye asili. Wale wanaopiga picha kioo cha simu kisha kuituma wanafanya vibaya zaidi, maana wanachukua picha iliyokwisha kubanwa na kuipunguza tena iwe saizi ya kioo.

Hapohapo nikujibu la DPI 72, kwa kuwa limenizeesha. DPI ni maelekezo kwa mashine ya kuchapa: zipange nukta ngapi kwenye inchi moja ya karatasi. Simu na tovuti hazijali. Picha ya pikseli 1600 iliyoandikwa 72 na ile ya pikseli 1600 iliyoandikwa 300 ni mapacha. Faili lina uzito uleule na kioo kinazionyesha vilevile. Namba hiyo ina asili yake, kioo cha kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 kilikuwa na nukta 72 kwa inchi, na watu wameibeba mpaka leo kama hirizi. Kinachopoteza picha ni pale programu inapokuwa imewekewa alama ya kubadili pamoja na idadi ya nukta. Ukiandika 72 badala ya 300 nukta zako zinashuka kwa zaidi ya mara nne kila upande. Nadhani ndicho kilichokutokea.

Turudi WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza mpaka upande mrefu ubaki kama pikseli 1600, kisha inaibana. Ukiitayarisha mwenyewe kwa 1600, bado itaibana kidogo, lakini haitakuwa na sababu ya kupunguza nukta, na kile ulichokikata na kukinoa kitabaki ulivyokiacha. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD kinachotokea juu ya picha kabla hujatuma. Kibonyeze kwa ile picha ya jina ukiwa hujaipunguza vipimo, nukta nyingi zaidi zitapita. Kwa mteja makini anayetaka kuona uzi wa kitambaa, tuma kama dokumenti: gusa alama ya kibanio cha karatasi, chagua dokumenti, kisha utafute picha yako. Hapo faili linakwenda zima, baiti kwa baiti. Stetasi haina huruma hiyo, kwa hiyo stetasi weka picha ya jina kwa karibu na usitegemee ile ya khanga nzima.

Njia ya dokumenti ina jambo lake, na kwa mwanamke anayeuza akiwa nyumbani si dogo. Ndani ya faili la picha kuna karatasi ya siri inayoandika tarehe, aina ya simu na, kama umeruhusu kamera itumie mahali ulipo, latitudo na longitudo za pale uliposimama. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp huiondoa karatasi hiyo. Ukituma kama dokumenti inakwenda nayo, na anayepokea anaweza kuiona nyumba yako kwenye ramani. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kuhifadhi mahali. Za zamani zipitishe kwenye programu ya kubana, nyingi huifuta.

Instagram sitakaa sana. Upana wake ni pikseli 1080. Ukipakia ya 4000 wanaipunguza wenyewe. Khanga ni pana na fremu zao zinapenda wima, 1080 kwa 1350, kwa hiyo ya kwanza iwe jina na pindo, ya khanga nzima ifuate.

Tovuti ndiyo inayonisikitisha, kwa sababu mpwa wako amefanya kosa ambalo hata waliosoma hulifanya. Nina hakika picha kwenye ukurasa zinaonekana ndogo, tatu tatu kwa mstari, na yeye akadhani ni ndogo kweli. Amepakia faili la MB 4 na kuiambia tovuti ilionyeshe kwa upana mdogo. Kulipunguza kunafanyika kwenye simu ya mteja, baada ya MB 4 zote kushuka. Ni sawa na kumpelekea mteja robota zima ili achague doti moja, na nauli ya robota analipa yeye. Picha 40 za MB 4 ni MB 160 za bando la mtu kwa kufungua ukurasa mmoja. Mwambie atengeneze saizi mbili: ya orodha, upana wa pikseli 800, ambayo kwa ubora wa 75 itakuwa na uzito wa KB 100 hivi, na ya kufungulia, pikseli 1600, ambayo hushuka pale tu mteja anapoigusa. Zile 40 za orodha zinakuwa MB 4 zote kwa pamoja, uzito wa picha moja ya mwanzo. Aongeze na lile agizo la kuchelewesha, ili picha za chini zisianze kushuka mpaka mteja azifikie kwa kidole.

Atakuambia kuhusu WebP, muundo wa Google wa mwaka 2010, na ana haki: kwa picha nyingi unapunguza robo mpaka theluthi ya uzito ukilinganisha na JPEG, na vivinjari vya kisasa vyote vinaufungua. Kwa picha za orodha autumie. Kwa picha ya jina jekundu asiutumie, maana WebP ya kawaida haina njia ya kuacha kupunja rangi, ilhali JPEG unaweza kuiamuru. Programu ya picha ya IrfanView wakati wa kuhifadhi JPEG ina kisanduku cha kuzima kupunguza rangi. GIMP, programu nyingine ya picha, nayo ina chaguo linaloandikwa 4:4:4. Faili linaongezeka uzito kidogo na wekundu unarudi mahali pake. Linganisha zote mbili kwa khanga moja uone mwenyewe, ni dakika tano.

PNG, muundo mwingine wa picha, mwiteni kwa kazi yake: bango la bei, nembo ya duka, maandishi juu ya rangi tupu. Haipotezi kitu, ndiyo maana picha ya khanga kwa PNG inaweza kuwa nzito mara kadhaa kuliko JPEG, na ukiituma WhatsApp kama picha inageuzwa JPEG vilevile. Na asiwepo wa kukudanganya ufunge picha kwenye faili la ZIP ili zipungue. JPEG imekwisha kubanwa, ZIP itaifunga tu kama mfuko. Kama mpwa ana iPhone, picha zake huenda zinahifadhiwa kwa muundo wa HEIC, ambao kompyuta nyingi za wateja hazifungui; kwenye mipangilio ya kamera achague muundo unaopatana na vifaa vingi zaidi, zitatoka JPEG.

Vifaa vya kazi ni vya bure. Kwa picha moja moja kwenye simu, fungua tovuti ya Squoosh kwenye kivinjari: unaona picha asili upande mmoja na iliyobanwa upande wa pili, na mstari wa kuvuta katikati. Uzuri wake ni kwamba kazi inafanyika ndani ya simu yako, picha haiendi kwenye kompyuta ya mtu, kwa hiyo bando halitumiki kuipandisha. Weka upana 1600, chagua JPEG, anza na ubora wa 80, kisha ukuze pale palipo na jina, usitazame mji wala pindo, na ushushe ubora taratibu mpaka uone herufi zinaanza kuota manyoya. Panda namba tano juu ya hapo. Hiyo ndiyo namba yako, iandike kwenye daftari. Khanga nyingi za aina hiyo zitaikubali. Kwa zile 40 za tovuti mpwa asifanye moja moja: IrfanView kwenye Windows ina sehemu ya kushughulikia folda nzima, na programu ya ImageMagick inafanya hivyo kwa amri moja.

Mtindo huuhuu utakusaidia na mahali pengine wanapotaka vipimo maalumu. Ile fomu ya bahati nasibu ya viza za Marekani, ambayo kila mwaka watu huniletea, kwa miaka mingi imetaka JPEG ya mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600, isiyozidi KB 240. Watu wanahangaika kubana picha ya nukta milioni 12 mpaka uso unakuwa ugali. Kata mraba, punguza mpaka 600, na utakuta iko chini ya KB 240 bila kuibana kwa nguvu hata kidogo.

Kabla hujamrudia mteja wa Muscat, jaribu hivi. Chukua khanga moja, ipige upya mlangoni picha hizo mbili, zitayarishe, kisha uzitume kwenye simu ya mtu mwingine hapo nyumbani, ile yenye kioo kibovu kuliko zote. Mwambie aishike kwa mkono ulionyooka, asikuze kwa vidole, akusomee jina kwa sauti. Akilisoma lote, tuma Muscat. Akikwama, jibu liko kwenye ile picha ya karibu: sogea hatua moja mbele, upige tena.